Mwenye Macho Huambiwa Tazama: Lumumba, Zanzibar na Historia ya Televisheni

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliopo hapa, wanafunzi wa historia na wa uandishi wa habari, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze kabla hatujazima taa na kuangalia kwa pamoja kipande kifupi cha picha zilizopigwa Kongo tarehe 2 Desemba 1960. Nimekubali kwa sababu nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nimeshuhudia makala ya televisheni yakichukua polepole nafasi ambayo zamani ilikuwa ya kitabu cha kiada na ya mzee wa mtaa. Wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho, nilipowauliza habari za vita, mapinduzi au ukoloni, hawakusema tena kwamba wamesoma, walisema wameona. Neno hilo lina uzito katika lugha yetu. Aliyeona ni shahidi, aliyesimuliwa ni msikilizaji tu, na wazee wetu walikwisha kata shauri kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Nami jioni hii, kwa heshima yote niliyonayo kwa wazee hao, nataka kusema kwamba mbele ya kioo cha televisheni mwenye macho huambiwa tazama, tena huambiwa atazame wapi, kwa muda gani na kwa hisia ipi, na kwamba anayeambiwa bila kujua kuwa anaambiwa hajawa shahidi wa kitu chochote.

Hapa Dar es Salaam liko jina linalotajwa kila siku na watu wasio na haja ya kumkumbuka mwenye jina. Mtu akisema kwamba viongozi wamekutana Lumumba, sote tunaelewa kuwa anazungumzia ofisi ndogo ya chama tawala katika mtaa huo. Mwanafunzi wa Unguja akisema amepangiwa Lumumba, anazungumzia shule. Nyumba ambamo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 iko katika mtaa huohuo, na siku ile mtaa haukuwa bado na jina hilo, kwa sababu mwenye jina, Patrice Lumumba, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, mji ambao leo unaitwa Kisangani, na hakuna aliyejua kwamba atauawa. Tumelipa jina lake heshima ya kudumu, lakini heshima ya namna hiyo ina hatari yake, kwani jina linapozoeleka mdomoni hulegea, na mtu aliyekuwa na sauti, miwani na watoto hugeuka kuwa kituo cha kushukia.

Mimi nilikulia Kigoma, na Lumumba nilimjua kwa masikio zamani sana kabla ya kumjua kwa macho. Walikuwapo mtaani kwetu wazee waliovuka ziwa kutoka upande wa Kongo, waliozungumza Kiswahili chao chenye ladha nyingine, na walipomtaja walishusha sauti kama watu wanaozungumza habari za ndugu wa karibu. Picha zilichelewa kutufikia. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara hatukuwa nayo hadi mwaka 1994, kwa hiyo kizazi changu kilijenga sura za mashujaa wake kwa redio, kwa picha za magazetini na kwa kubuni. Siku nilipomwona Lumumba akisogea, akigeuza kichwa, akipepesa macho kwenye mwanga, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Niliyaona hayo katika makala ya televisheni, na nakiri kwamba nililia.

Picha zenyewe ndizo mtakazoziona baada ya muda mfupi. Lumumba yuko nyuma ya lori, mikono imefungwa mgongoni, shati lake jeupe limechafuka, miwani haipo. Askari anamshika nywele na kumwinua kichwa. Mwingine anakunja karatasi na kujaribu kumsokomezea kinywani, na inaelezwa kuwa karatasi hiyo ilikuwa na maneno yake mwenyewe, yaliyosema kwamba yeye bado ndiye waziri mkuu halali wa nchi. Takriban kila makala yanayohusu uhuru wa Kongo hutumia sekunde hizo, mara nyingi kwa muziki mzito na kwa sauti ya msimulizi anayeeleza kwamba huo ulikuwa mwanzo wa mwisho.

Nilizirudia picha hizo mara nyingi darasani, na siku moja spika iliharibika, tukalazimika kuangalia bila sauti. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliponyoosha mkono na kuuliza: mwalimu, anayepiga picha hizi amesimama wapi, na kwa nini hawamfukuzi? Nilikuwa nimezitazama kwa miaka bila kujiuliza swali hilo, kwa sababu sauti ya msimulizi haikuniachia nafasi ya kuuliza. Kamera iko karibu sana. Hakuna mkono wa askari unaoizuia, hakuna anayeficha uso. Wapiga picha wa mashirika ya habari waliachwa wafanye kazi yao, na kuachwa huko ni habari yenyewe, kwa maana waliokuwa na mamlaka siku ile walitaka ulimwengu umwone mtu huyu akiwa amedhalilishwa. Kudhalilishwa kwake kulikuwa tangazo, na kila tunapozirusha picha hizo bila kusema hivyo, tunalirusha tangazo lao kwa mara nyingine, hata kama nia yetu ni kumwombolezea.

Sasa pimeni ukubwa wa kile ambacho hakikupigwa picha. Rais Kasavubu alitangaza kumfukuza Lumumba tarehe 5 Septemba 1960, na siku tisa baadaye Kanali Mobutu akatangaza kuwa jeshi limeshika hatamu. Lumumba akabaki nyumbani kwake Léopoldville, Kinshasa ya leo, akizungukwa na walinzi wa Umoja wa Mataifa waliomlinda na, nje yao, askari waliongojea atoke. Alitoka usiku wa tarehe 27 Novemba, akielekea Stanleyville kwa wafuasi wake, akakamatwa kwenye mto Sankuru siku chache baadaye. Wakati huo, mbali kabisa na lori lile, zilikuwapo ofisi, mashine za kuchapa na simu za maandishi. Tarehe 6 Oktoba 1960 waziri wa Ubelgiji aliyeshughulikia mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, alituma ujumbe uliosema kwamba lengo kuu, kwa maslahi ya Kongo, ya Katanga (jimbo lililokuwa limejitenga) na ya Ubelgiji, ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Wanahistoria wamebishana kama maneno hayo yalimaanisha kumwondoa katika siasa au kumwondoa duniani. Ninachotaka mkione ni kwamba ujumbe ule hauna sura. Kwenye televisheni ni karatasi ya njano inayopita kwa sekunde nne, ilhali askari anayesokomeza karatasi kinywani mwa mfungwa hukaa katika kumbukumbu ya mtazamaji maisha yake yote. Ndivyo inavyotokea kwamba mtu aliyeona makala mazuri kabisa anaamka akiwa na hakika kwamba Lumumba aliuawa na askari Wakongo wenye hasira, wakati walioketi mezani wakiandika hawamo kabisa katika ndoto zake.

Kifo chenyewe hakina picha. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa kwa ndege Élisabethville, mji tunaouita Lubumbashi, huku wakipigwa njiani, na usiku huohuo wakapigwa risasi porini mbele ya viongozi wa Katanga na mbele ya maofisa Wabelgiji. Kwa karibu wiki nne ulimwengu haukuambiwa kitu. Tarehe 13 Februari waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, alitangaza kwamba mahabusu hao walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Mjane wa Lumumba, Pauline Opango, akatembea katika barabara za Léopoldville akiwa kifua wazi kwa maombolezo, akidai apewe mwili wa mumewe. Hakupewa, kwa sababu mwili haukuwapo tena. Ofisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, alikuwa amepewa kazi ya kuifukua miili ile mitatu, kuikatakata na kuiyeyusha kwa asidi, ili lisibaki kaburi la kuzuriwa.

Tunalijua hili kwa kinywa cha Soete mwenyewe, na hapa naisifu televisheni bila kusita. Mwaka 2000, katika makala yaliyotengenezwa na Thomas Giefer kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani, mzee huyo alikaa mbele ya kamera na kueleza kazi aliyoifanya miaka 39 kabla yake, kisha akaonyesha meno aliyoyachukua kinywani mwa marehemu kama kumbukumbu. Hakuna hati ambayo ingeweza kufanya kazi ya dakika zile. Unamwona anavyotafuta maneno, unaona vidole vyake, unatambua kwamba huyu si jini wala dude la hadithi, ni mstaafu aliyeishi kwa amani katika nchi yenye mahakama, kodi na bustani. Alifariki mwaka huohuo. Kama watengenezaji wangechelewa kidogo tu, ushahidi huo ungekwenda naye.

Hata hivyo, naomba tusiipe televisheni sifa isiyo yake. Kabla ya kamera kulikuwa na mtafiti, Ludo De Witte, aliyefukua nyaraka na kuchapisha kitabu mwaka 1999, na ni kitabu hicho kilicholisukuma bunge la Ubelgiji kuunda tume ya uchunguzi mwaka 2000. Tume ilitoa ripoti Novemba 2001 ikisema kwamba baadhi ya mawaziri na watu wengine wa Ubelgiji walikuwa na wajibu wa kimaadili katika mazingira yaliyoleta kifo kile, na Februari 2002 waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, akaomba radhi kwa niaba ya serikali. Makala ya televisheni yalikuja katikati ya kazi hiyo, na nguvu yake ilikuwa kuufanya mjadala wa wasomi kuwa jambo ambalo mtu wa kawaida asingeweza kuligeuzia kisogo. Ninawasihi wanafunzi wa uandishi wa habari mlio hapa mlishike sana jambo hili. Kamera ilimfikia Soete kwa sababu watu walikuwa wamekaa miaka mingi na makabrasha. Anayetaka kutengeneza makala ya historia bila kusoma atapata wazee wanaozungumza, muziki na machweo ya jua, basi.

Jino lilirudi. Mwaka 2016, baada ya binti wa Soete kulionyesha wakati wa mahojiano na jarida, na baada ya De Witte kupeleka malalamiko, vyombo vya sheria vya Ubelgiji vililichukua. Kipimo cha vinasaba hakikufanywa kwa kuwa kingeliharibu, na waendesha mashtaka walisema wazi kwamba hakika ya asilimia mia haipo. Juliana Lumumba, binti wa marehemu, alimwandikia mfalme wa Ubelgiji mwaka 2020 akiomba mabaki ya baba yake yarudishwe, na tarehe 20 Juni 2022 familia ilikabidhiwa jino hilo mjini Brussels likiwa ndani ya jeneza la kawaida la mtu mzima. Pauline Opango alikuwa amefariki mwaka 2014. Miaka 53 alingojea, na waliofikisha habari za mwili wa mumewe katika vyumba vya watu walikuwa watengenezaji wa makala waliomkalisha mkataji kitini na kumpa maji ya kunywa.

Hapa ndipo moyo wangu unaposita, na sitaki kuwaficha. Soete alihojiwa, lakini hakuhojiwa kama shahidi anavyohojiwa. Hakula kiapo, hakuwa na wakili wa upande wa pili, na hakuwapo mtu wa familia ya Lumumba, ya Mpolo wala ya Okito wa kumuuliza maswali. Yeye ndiye aliyeamua alichosimulia na alichokiacha. Alisema, kwa mfano, kwamba sehemu ya mabaki aliyokuwa nayo aliitupa baharini, na hakuna aliyeweza kuthibitisha wala kukanusha. Mtesaji anapopewa nafasi ya kuwa msimulizi, hata akisimulia aibu yake, anaendelea kuwa bwana wa habari ile. Sisemi kwamba kamera ingezimwa. Nasema kwamba maneno ya mtu huyo yalipaswa kusindikizwa na maneno ya waliodhulumiwa kwa urefu uleule na uzito uleule, na katika makala mengi kuhusu Kongo niliyoyaona hilo halikufanyika.

Niruhusuni nivuke bahari, kwa sababu tuna mfano mwingine karibu zaidi, na ni mgumu zaidi kuuzungumza kati yetu.

Mwezi Januari mwaka 1964, siku chache baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12, yaliyoandamana na mauaji ya Waarabu, Waitaliano wawili waliokuwa wakitengeneza filamu, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walirusha ndege juu ya Unguja na kupiga picha kutoka angani. Filamu yao, Africa Addio, ilitoka mwaka 1966 kwa ajili ya majumba ya sinema, lakini vipande vyake vya Zanzibar vimekuwa vikikatwa na kuunganishwa upya katika vipindi vya televisheni, na siku hizi vinazunguka katika simu zetu. Mnaonekana watu wa kanzu nyeupe wakikimbilia ufukweni, miili iliyolala, mashimo ya kuzikia. Hakuna picha nyingine za filamu za mauaji hayo zinazojulikana, na ndiyo maana zimebeba mzigo usiolingana na urefu wake.

Nimekutana na familia zilizokimbilia Oman ambazo watoto wao wamejifunza historia ya Zanzibar kwa dakika hizo tu, na nimekutana na watu wa Unguja na wa Bara wanaosema kwamba picha zote zile ni uongo uliopikwa na wazungu wenye kiburi. Wote wawili wanaizungumza filamu hiyo kama hukumu, mmoja akiikubali na mwingine akiikata rufaa. Mimi naona kwamba wafu wale ni wafu kweli. Kiburi cha filamu ile kwa Waafrika kinajulikana, na wanafunzi wa Kiafrika waliandamana kuipinga katika Berlin Magharibi mwaka ilipotoka. Aidha, Jacopetti alishtakiwa nchini Italia kwa madai kwamba mauaji mengine yaliyomo, ya Kongo, yalipangwa kwa ajili ya kamera, na mahakama ikamwachia. Lakini ubaya wa mpiga picha haufufui aliyepigwa picha. Mtu ambaye babu yake amelala katika shimo lile hapaswi kuambiwa kwamba anachokiombolezea ni propaganda.

Ila ndege haina masikio. Kutoka juu hakuna aliyeulizwa jina, hakuna aliyesikika akilia kwa Kiswahili, na hakuna sababu inayoweza kuonekana. Ndege haikuona uchaguzi wa Juni 1961 na ghasia zilizofuata, ambamo watu 68 walipoteza maisha. Haikuona masanduku ya kura ya Julai 1963, ambapo chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura zote na viti 13, huku muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP ukipata viti 18 na kuunda serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba. Haikuona mashamba ya karafuu, deni la mkulima, wala kumbukumbu ya utumwa iliyokuwa ikisimuliwa jikoni kizazi baada ya kizazi. Mtu anaweza kuyajua yote haya na bado akasema kwamba kuua wanawake na watoto ni dhambi isiyo na udhuru. Mimi nasema hivyo. Lakini asiyeyajua atabaki na picha ya watu weusi waliowakurupukia majirani zao bila chanzo chochote, na hilo ndilo hasa watengenezaji wa filamu walitaka aamini, kwa kuwa hoja yao ilikuwa kwamba Afrika ikiachwa peke yake hujiangamiza.

Mtengenezaji wa leo anayechukua vipande hivyo na kuviwekea muziki mpya anakuwa mshirika wa hoja ile, atake asitake, mpaka pale atakaposema waziwazi nani alipiga, akiwa wapi, kwa kusudi gani, na mpaka pale atakaposhuka chini kuwatafuta walio hai. Wapo. Wako Ng'ambo, mtaa wa mji wa Zanzibar, na wako Muscat, wengine walikuwa na miaka 10 siku ile, na wanazungumza lugha moja.

Nimesema nani alipiga na kwa kusudi gani. Kuna swali la tatu ambalo hatupendi kuliuliza kwa kuwa linaonekana la kidunia mno, nalo ni nani alilipa. Katika hili mwalimu wetu ni mtoto wa Mombasa.

Mwaka 1963, mwaka uleule ambao Zanzibar na Kenya zilipata uhuru, profesa wa historia wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Sussex iliyorushwa na televisheni ya BBC, na humo akasema kwamba huenda siku moja kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundishwa, lakini kwa wakati ule iliyokuwapo ni historia ya Wazungu katika Afrika tu, na kwamba yaliyobaki ni giza. Miaka 23 baadaye, televisheni hiyohiyo ikishirikiana na kituo cha WETA cha Washington ilirusha makala yenye sehemu 9 kuhusu Waafrika, na aliyesimama mbele ya kamera akisema "sisi" alikuwa Profesa Ali Mazrui. Alieleza bara lake kama makutano ya urithi mara tatu, wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi, na alifanya hivyo kwa nafsi ya kwanza, bila kujificha nyuma ya sauti isiyo na mwenyewe. Naupenda sana uwazi huo. Msimulizi anayeonekana uso anaweza kupingwa, na Mazrui alipingwa vikali. Wole Soyinka alimshutumu kwamba aliupendelea Uislamu na kuzipunguza dini za jadi, na mabishano yao ni miongoni mwa mabishano yenye faida kubwa yaliyowahi kuzaliwa na kipindi cha televisheni kuhusu bara letu.

Pingamizi jingine lilitoka kwenye mfuko. Taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili masomo ya historia, fasihi na falsafa ilikuwa imechangia dola 600,000. Mwenyekiti wake, Lynne Cheney, alipoyaona makala aliyaita mashambulizi dhidi ya nchi za Magharibi, akaagiza jina la taasisi yake liondolewe katika orodha ya wafadhili. Makala yalirushwa hata hivyo, na pengine yalipata watazamaji wengi zaidi kwa sababu ya ugomvi huo. Mimi huikumbuka habari hii pamoja na nyingine ya familia ya Mazrui. Baba yake Profesa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha magazeti mjini Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawaandikia watu wake kuhusu hali yao bila kuomba idhini ya taasisi ya ng'ambo. Gazeti dogo liliwezekana kwa uwezo wa mji mmoja. Televisheni ya wakati wa mwanawe haikuwezekana hivyo, na hadi leo sehemu kubwa ya makala kuhusu sisi hulipiwa na wengine, huhifadhiwa katika maghala ya wengine, na sisi tukitaka kutumia dakika moja ya nyuso za babu zetu tunaandika barua ya maombi na kuulizwa bei tunayoweza kulipa.

Hayo ya maghala hatutayamaliza leo. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo lipo mikononi mwetu, nalo linahusu lugha.

Katika makala ya nchi za nje kuhusu Kongo ya mashariki na kusini huwa anatokea mzee au bibi, ameketi mbele ya nyumba yake, anaanza kuzungumza. Anazungumza Kiswahili. Kwa sekunde mbili unamsikia, kisha sauti yake inapunguzwa na juu yake inawekwa tafsiri. Mtazamaji wa Ulaya haoni tatizo. Sisi ndio tunaoumia, kwa sababu tumeyasikia maneno ya kwanza, tumeitambua lafudhi, tumeinua shingo ili tusikie zaidi, na mlango umefungwa usoni petu. Nimesikiliza mara nyingi kwa kuziba upande mmoja wa vipokea sauti ili nidake kinachosemwa chini ya tafsiri, na zaidi ya mara moja nimetambua kwamba mzee alizungumza maneno mengi na tafsiri ikatoa sentensi moja. Lumumba mwenyewe alizungumza Kiswahili. Mji alimojijenga kisiasa na jimbo alimouawa ni nchi za Kiswahili. Walioiona ndege ikitua Élisabethville, waliosikia milio ya risasi, waliofanya kazi katika nyumba za maofisa, waliambiana habari hizo kwa lugha hii ninayowahutubia, na sehemu kubwa ya ushahidi huo imezikwa pamoja nao bila hata mtu mmoja kuuliza.

Mwezi Juni 2022 jeneza lile lilizungushwa Kongo kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Lilipita kwao Sankuru, likapita Kisangani, likafika Lubumbashi na hadi Shilatembo, mahali alipopigiwa risasi. Watu walijipanga barabarani, na safari hii kamera zilikuwa nyingi, za vituo vya nchi na za simu za watu wa kawaida. Ombi langu kwa wanafunzi wa chumba hiki ni hili. Mnaosoma Kigoma, Bukavu, Bujumbura au hapa, watafuteni waliokuwapo, si kwa ajili ya dakika tatu za mtandaoni, bali muwaache wazungumze mpaka wachoke, na muihifadhi kanda nzima kabla ya kuikata, ikiwa na jina la msemaji kama ameridhia, tarehe, mahali, na jina la aliyeuliza maswali. Wekeni nakala mahali ambapo mwingine anaweza kuja kuipinga kazi yenu kwa kutumia kanda zenu wenyewe.

Fundi wetu yuko tayari. Nimemwomba aizime sauti, tuangalie mara ya kwanza bila muziki na bila msimulizi, kisha tutaangalia tena ikiwa na maneno iliyowekewa, na baada ya hapo nitawapa kipaza sauti. Katika mara hii ya kwanza msimtazame Lumumba peke yake. Tazameni mikono ya askari, tazameni waliosimama pembeni, na hesabuni ni mara ngapi mpiga picha anasogea karibu zaidi bila mtu yeyote kumzuia.